Si Bure, ni Huria

Ndugu msomaji, Kiswahili kina bahati moja ambayo Kiingereza hakina. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa. Sisi tunayo matatu: bure, huru na huria. Tena hilo la kwanza lina makali yake. Ukimwita mwenzio "mtu bure" umemtukana mbele za watu, na ukisema umehangaika bure maana yake jasho lako limepotea. Ndiyo sababu mteja akiniuliza programu niliyomwekea kwenye kompyuta yake ni shilingi ngapi, siku hizi simjibu kwamba ni bure. Namwambia ni huria. Hapo lazima aulize huria maana yake nini, nami napata nafasi ya kueleza.

Leo nataka nikueleze na wewe. Usiogope, sitakuchosha kwa mambo ya kitaalamu. Mimi mwenyewe elimu yangu ni ya kidato cha nne, hapa hapa Tabora. Mchana nakaa katika kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi Ng'ambo, natengeneza kompyuta za watu na kuandika programu ndogo ndogo. Usiku naandika riwaya ambayo Mungu akipenda itakwisha. Mambo haya mawili, programu na riwaya, yamenifanya nifikirie sana juu ya swali moja: kitu ulichokitengeneza kwa akili yako, kikishatoka mkononi mwako ni cha nani?

Tuanze na programu. Programu ni maandishi. Mtu anakaa chini, anaandika maagizo mstari kwa mstari, na maagizo hayo huitwa msimbo. Ukiwa na msimbo unaweza kuusoma, ukaona mwenzio kafikiri vipi, ukasahihisha palipopinda. Lakini kampuni nyingi hukuuzia programu ikiwa imekwisha kusagwa, kama unga. Unga utakupa ugali, sawa, ila huwezi kuupanda shambani. Mwenye msimbo ndiye mwenye mbegu.

Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alikerwa na jambo hilo kwa sababu ya printa. Ndiyo, printa! Katika maabara aliyokuwa akifanya kazi, kwenye chuo cha MIT, waliletewa printa mpya karibu na mwaka 1980. Karatasi zikawa zinakwama, na yeye alitaka kuiongezea maagizo ya kuwajulisha watu kila inapokwama, kama alivyokwisha kuifanyia printa ya zamani. Hii mpya ilikuja bila msimbo. Akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameahidi kuuficha. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana printa ya kibandani kwetu nayo ina tabia hiyo hiyo. Haipiti siku haijatafuna karatasi ya mteja mwenye haraka.

Basi mwaka 1983 Stallman akatangaza kazi aliyoiita GNU, na baadaye akaweka wazi kwamba programu huria ni ile yenye uhuru wa aina nne. Kwanza, kuitumia kwa shughuli yoyote. Pili, kuusoma msimbo wake na kuubadilisha. Tatu, kuwagawia wengine. Nne, kuwagawia hata hiyo uliyokwisha kuibadilisha. Sharti ndani ya leseni yake likawa moja kubwa: ukiigawa, na wewe uwaachie wenzako uhuru ule ule uliopewa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 tu, akatangaza kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho kilikuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Kama simu iliyo mfukoni mwako ni ya Android, basi kiini hicho unatembea nacho.

Na usidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo uliojengwa juu ya Linux, akauita Ubuntu. Neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Hadi mwaka 2011 waliokuwa na intaneti dhaifu waliweza kuagiza sidii yake ikaja kwa posta bila malipo. Mwaka huo huo wa 2004, mwezi Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili kuanzia juu hadi chini. Waliifanya kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Mwaka 2008, Kenya ikiwa bado inanuka moshi wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wakatengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Msimbo wakauacha wazi, na mwaka 2010 ukawafaa watu wa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hata takwimu za zahanati zetu hapa Tanzania zinapita katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wataalamu wa Dar es Salaam wametia mkono wao.

Mimi ni mtoto wa Tabora, kwa hiyo nikifikiri habari ya kitu cha watu wote, akili yangu inakimbilia njia. Hii ardhi tunayoikalia ilikuwa njia panda ya misafara. Watu walitoka Bagamoyo, wakakata Ugogo, wakaingia Unyanyembe, na hapa njia ikagawanyika: wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Uganda, wengine magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, lakini njia waliikuta. Hakuna mhandisi aliyeichora. Ilichorwa na nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wenye mzigo begani. Mti ukianguka njiani wa kwanza anauzunguka, wa pili anamfuata, na baada ya wiki ile pinde imekuwa ndiyo njia. Kila aliyepita aliirekebisha kwa kupita tu. Wazee hapa husema hata miembe yetu ilipandwa hivyo hivyo: mtu kala embe, katupa kokwa, kaendelea na safari.

Lakini ngoja kwanza, tusiipake njia asali. Watawala walikaa njiani wakidai hongo, usipolipa hupiti. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa kabisa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alifanya nini? Alizunguka kusini, akatokezea Ujiji mwezi Novemba. Februari 1872 wote wawili wakawa Kwihara, hapo karibu tu na mjini kwetu. Watu wa programu huria nao wana jambo hilo. Msimbo ukifungwa au mwenye nao akiuharibu, wengine huchukua nakala ya mwisho iliyo huria, wakachepuka nayo. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua kampuni ya Sun, na pamoja nayo ikapata OpenOffice. Waandishi wengi wa programu hiyo wakaingiwa na wasiwasi. Septemba ya mwaka huo wakachukua msimbo wao, wakachepuka, wakaita LibreOffice. Riwaya yangu naiandikia humo. Hakuna aliyeiba kitu. Leseni yenyewe ilisema mlango hautafungwa.

Sasa nije kwenye ushabiki, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho vitabuni sikukiona.

Sisi Watanzania kwa ushabiki hatujambo. Mtu hana hela ya mafuta ya taa lakini jezi ya Simba au ya Yanga anayo. Nasi watu wa Tabora tulipata timu ya kujivunia ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Ilianza ikiitwa Kitayosce, ikawa Tabora United. Tarehe 7 Novemba 2024 ikaenda Dar es Salaam ikamfunga Yanga mabao 3 kwa 1. We acha tu! Usiku ule hapa mtaani watu wazima walikumbatiana na watoto, na bodaboda walipiga honi mpaka simu zikawa hazisikiki. Mwaka 2025 timu ikapata wenyewe wapya, ikaitwa TRA United. Silaumu, timu haiendeshwi kwa makofi. Kuna mishahara, kuna basi, kuna hoteli. Ila nilimsikia mzee mmoja jirani yetu, shabiki wa kupindukia, akiuliza polepole kama anayeongea na kikombe chake cha kahawa: "Sasa ile jezi yangu ya Tabora niifanyeje?"

Swali lile lilinikaa. Shabiki anatoa moyo, sauti, nauli na kiingilio, lakini siku jina likibadilika hana cha kushika. Hawezi kusema, "Haya, mimi nachukua Tabora United ya mwaka jana naendelea nayo." Mtumiaji wa programu huria anaweza. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Kushangilia ni kuzuri, lakini kushangilia hakukupi mbegu.

Na mimi ni shabiki wa kitu kingine pia. Shuleni palikuwa na nakala moja ya *Kikosi cha Kisasi* cha Elvis Musiba. Kitabu kilitoka mwaka 1979, na nakala ile ilikuwa imepita mikono mpaka jalada likawa gazeti lililogundishwa kwa uji. Tulipangiana zamu. Kilipofika kwangu kurasa za mwisho hazikuwepo. Yaani Willy Gamba yuko katikati ya balaa, ukurasa umekatika! Nilikaa siku mbili sina raha. Siku ya tatu nikachukua daftari la Jiografia, nikageuza nyuma, nikaandika mwisho wangu. Wenzangu wakausoma. Mmoja hakuridhika, akaandika mwisho wake, ambao Willy anakufa, na darasa likagawanyika kama Simba na Yanga. Nadhani uandishi wangu ulianzia pale, na hata uprogramu wangu ulianzia pale: kukuta kazi ya mwenzio ina pengo, ukashindwa kulala mpaka uzibe.

Hata hivyo hakuna kati yetu aliyewahi kusema kitabu kile ni chake. Daftari lilikuwa daftari, na Musiba alibaki Musiba. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Miaka mitatu iliyopita niliandikia kikoba cha mama programu. Wako akina mama 28, wanakutana kila Jumamosi, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Hesabu zilikuwa kwenye daftari kubwa, na kila mwezi wa Desemba palikuwa na kununiana. Programu yangu inafanya kitu kidogo tu. Inaandika hisa za kila mtu, inapiga hesabu ya mkopo na faida, na inatoa karatasi ambayo kila mama anakwenda nayo nyumbani. Msimbo wake nusu nimeuandika mimi, nusu umetoka kwa watu nisiowajua, waliouacha wazi ili mtu kama mimi asianze na sifuri. Kikoba cha Isevya kikasikia, kikaomba. Kisha Kanyenye. Kisha Cheyo. Niliwapa kwa flashi. Mama mmoja wa Isevya, mwalimu wa hesabu, akaniletea karatasi aliyoandika kwa kalamu nyekundu akionyesha namna nzuri zaidi ya kukokotoa gawio la mwanachama aliyejiunga katikati ya mwaka. Nikaiingiza. Kufika hapo programu haikuwa yangu peke yangu tena.

Ndipo akaja tajiri mmoja. Simtaji. Anakopesha watu, ile mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Alikuwa ameiona programu kwa mmoja wa wateja wake. Akakaa kwenye benchi letu, akaniita "mdogo wangu", akasema anainunua kwa shilingi 800,000, kwa sharti moja: iwe yake peke yake, na wale akina mama niwaambie imekufa.

Ndugu msomaji, laki nane si mchezo. Mdogo wangu wa kike alikuwa anadaiwa ada ya chuo. Bati la chumba cha uani lilikuwa linavuja, na masika yalikuwa hayako mbali. Nilimwambia anipe siku tatu.

Usiku ule nikamweleza mama. Hakuuliza habari ya leseni wala msimbo. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho:

"Baba, huyo mtu anataka kununua programu au anataka kununua daftari letu?"

"Programu, mama."

"Kama ni programu kwa nini sisi ituzimikie?"

Sikuwa na jibu. Siku ya tatu nilimwambia yule tajiri kwamba nitamfungia programu, nitamfundisha karani wake, nitakuja kila inapoleta shida, na kazi hiyo nitamtoza. Msimbo wenyewe hauuziki, kwa sababu ndani yake kuna kazi za watu waliotoa kwa sharti la kutofungwa, na kuna kalamu nyekundu ya mwalimu wa Isevya. Akacheka. "Kwa hiyo hata nikiichukua bila kukulipa huna la kunifanya?" Nikamjibu kweli: ndiyo, akitaka achukue. Akaondoka. Mwezi uliofuata nilikuta programu inafanya kazi kwenye kompyuta ya karani wake. Jina langu lilikuwa bado lipo chini ya dirisha, na jina la mwalimu pia. Senti hakunipa.

Hapo ndipo habari ya misafara ilipoacha kuwa hadithi kwangu. Njia ile ile iliyopitisha asali, chumvi na nguo, ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo shingoni. Njia haikuuliza nani anapita. Programu huria nayo haiulizi. Uhuru ule wa kwanza unasema "kwa shughuli yoyote", na shughuli yoyote ni pamoja na kukausha damu. Wapo wanaosema basi tuweke masharti, tuzuie wabaya. Nimelifikiria sana. Lakini nani atakuwa mlinzi wa lango? Mkishajenga lango, hongo haiko mbali.

Kilichonituliza kidogo ni jambo lililotokea baadaye. Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alikuwa amekopa kwa yule yule tajiri shilingi 200,000. Analipa 10,000 kila siku kwa siku 26. Alikuja na karatasi yake kibandani, akaniomba nimsomee. Nikaiweka kwenye programu mbele yake. Jumla shilingi 260,000. Riba 60,000, yaani asilimia 30 kwa siku 26. Ukiizungusha hesabu hiyo kwa mwaka mzima inapita asilimia 400. Yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe ile elfu kumi ilikuwa inaniambia uongo kila asubuhi." Mkopo aliulipa, hakukuwa na ujanja. Lakini mwezi uliofuata alijiunga na kikoba, na akaja na wenzake watatu. Tajiri ana programu, naye anayo, na wote wawili wanaona hesabu ile ile. Hiyo si haki yote, lakini si haba.

Sasa nikuambie upande mwingine wa shilingi, usije ukadhani nakuhubiria. Anayetoa kitu huria anaweza kuachwa peke yake na mzigo. Yuko mwandishi mmoja wa Finland, Lasse Collin, aliyetunza kwa miaka mingi programu ndogo iitwayo XZ, ya kubana mafaili. Kompyuta chungu nzima duniani zinaitumia, na wanaomjua yeye ni wachache mno. Alikwisha kusema hadharani kwamba afya haimruhusu kujitoa kama zamani. Badala ya pole wakaja watu wa majina yasiyojulikana wakimlalamikia kuwa ni mzito. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa funguo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mapema mwaka 2024 aliingiza ndani ya XZ mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Ulikamatwa mwezi Machi kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde, akaona si bure, akachimba. Kama msimbo ungekuwa umefichwa angechimba wapi? Lakini pia, kama wale wote waliokuwa wakila kwa XZ wangemsaidia Collin kubeba mzigo, mgeni yule angepata wapi nafasi? Hata mpagazi alilipwa ujira wake. Huria bila kusaidiana ni kumpakia mtu mmoja mizigo ya msafara mzima.

Nimebakiza riwaya. Mwaka jana nilikuwa naitoa sura moja moja kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji kama mia mbili hivi. Siku moja rafiki yangu akanitumia sura yangu ya saba kutoka kundi jingine. Maneno yangu, nukta zangu, hata kosa langu moja la tahajia. Jina la mwandishi, la mtu mwingine. Chini imeandikwa: sura ya nane ni shilingi 1,000.

Nilitetemeka. Rafiki yangu, mtani wangu wa siku zote, akacheka: "Kwani vipi? Si wewe kila siku unahubiri huria? Kaka wa watu kachepuka!"

Utani ule ulinifanya nitafute jibu la kweli, na nimelipata. Kwanza, huria si kukosa mwenyewe. Leseni za programu huria zinasimama juu ya hakimiliki. Aliyeandika ndiye anayetoa ruhusa, na jina lake hulifuti. Hata yule mkausha damu aliliacha jina langu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inamlinda mtunzi hivyo hivyo, kwa mali na kwa jina. Pili, ruhusa hutolewa, haichukuliwi. Stallman alitoa, Torvalds alitoa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa. Mimi riwaya sijaitoa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, programu na hadithi si vitu vya namna moja. Programu ya kikoba ikirekebishwa na mwalimu wa Isevya inakuwa bora zaidi, na akina mama wanapata faida. Riwaya ni ahadi ya mtu mmoja kwa msomaji mmoja kwamba haya niliyoyaona nimeyaona hivi. Unaweza kuandika mwisho wako kwenye daftari, na mimi nitaufurahia kama nilivyoufurahia ule wa mwenzangu aliyemuua Willy Gamba. Ila usiniondoe mimi ukakaa kwenye kiti changu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Programu ya kikoba iko wazi, msimbo wake wote, kwa leseni ile ile ya GNU, na majina ya wote waliochangia yameandikwa. Anayetaka nimfungie na kumfundisha analipia kazi ya mikono yangu, na hiyo ndiyo imelipa ada ya mdogo wangu, kidogo kidogo, kwa awamu. Bati bado linavuja. Riwaya nimeiondoa kundini, naimalizia taratibu, na ikichapwa utainunua. Ukishainunua muazime jirani, na jirani amwazime shemeji yake, mpaka jalada liwe gazeti. Kwa hilo sitakushitaki.

Vijana wenzangu mnaosoma ukurasa huu, tena ninyi ambao mmekomea kidato cha nne mkaambiwa kompyuta ni ya wenye digrii: msimbo wa programu nyingi kubwa za dunia uko wazi, na wanaoulinda hawaulizi cheti. Anzeni na kosa dogo. Tafsirini sentensi moja iliyokaa vibaya kwa Kiswahili. Zibeni pengo moja, andikeni jina lenu, kisha mpeni anayefuata.